Nyasi Kwenye Kufuli

Mume wangu Kyalo alingoja miaka ishirini na miwili, halafu akaniambia katika ukumbi wa kanisa huko Kajiado, mahali palipokuwa na watu hamsini, kwamba sijawahi kumtafuta. Hakupaza sauti. Kyalo ni fundi wa pampu za visima, mtu wa kutega sikio kusikia kama maji yanapanda, na sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kwa mbwa. Ilikuwa semina ya wanandoa ya siku moja, ambayo mimi sikutaka kwenda, na mshauri, msichana mwenye viatu vyeupe na projekta, alikuwa ametuambia tugeuze viti tutazamane, kila mmoja amwambie mwenzake kitu ambacho hajawahi kumwambia. Nilidhani Kyalo atasema chai yangu ina sukari nyingi. Akaweka mikono kwenye magoti, akasema, "Mama Kioko, mimi nikichelewa, wewe hulala. Ile siku gari iliniharibikia Namanga, nikakaa siku mbili simu ikinisumbua, nilirudi nikakupata unapanga vikombe. Ulikuwa umepiga mara moja. Haikushikwa, ukaacha. Hujawahi kunipigia ya pili. Huwa najiuliza, siku moja nikipotea kabisa, kuna mtu atauliza?" Nikamjibu vile ninavyojibu: "Wewe ni mtu mzima. Nikutafute kama mbuzi?" Watu wa viti vya karibu wakacheka. Kyalo naye akacheka kidogo, kisha akasema anatoka kunyoosha miguu.

Mshauri alikuwa ametumia asubuhi nzima kutuonyesha michoro ukutani. Kuna watu, alisema, ambao wakiumia wanamrukia mwenzao na kumshika shati. Kuna wengine ambao wakiumia wanaondoka, wanataka kuachwa peke yao mpaka moyo utulie. Na hawa wawili, kwa sababu ambazo Mungu mwenyewe anazijua, hupendana sana. Yule wa kwanza anashika zaidi kwa sababu mwenzake anatoroka, na yule wa pili anatoroka zaidi kwa sababu anashikwa. Yote yanaanzia utotoni, alisema, kwa hivyo tuandike kwenye karatasi jinsi mama zetu walivyotubembeleza tulipolia. Karatasi yangu niliikunja nikaiweka chini ya mguu wa kiti uliokuwa unayumba. Mama yangu simwingizi katika habari hii. Alinizaa, akanilea, amelala kwao Machakos na asisumbuliwe. Kilichonikera ni kwamba yule msichana alikuwa anasema kweli, na alikuwa ameisoma akiwa amekaa kitini, wakati mimi niliisoma kwa mwaka mzima kule Noonkopir na ikanitoa ngozi.

Tena kulikuwa na kisogo cha mtu viti vitatu mbele yangu, ambacho tangu asubuhi nilikuwa najidanganya sikijui. Kilikuwa kisogo cha Sironka. Ningekitambua popote, kwa sababu mwaka ule wa Noonkopir ndicho kiungo chake nilichokiona zaidi. Sasa kilikuwa na mvi, juu ya koti la kijivu, na kando yake alikaa mke wake, mama mmoja mpana mwenye shanga nyembamba shingoni na mkoba mapajani. Tulipoambiwa tugeuze viti, Sironka aliinuka akatoka nje akiwa ameweka simu sikioni, na hakuna simu iliyokuwa imelia. Mke wake akabaki ametazamana na kiti kitupu. Hasira ikanipanda kutoka miguuni, hasira ya zamani ambayo nilifikiri ilishakufa, na badala ya kumfuata mume wangu nilikaa pale nikiichochea.

Nilikuwa na miaka ishirini na tano na kazi yangu ilikuwa kushona mifuko. Ilikuwa kiwanda cha nguo za kupelekwa ng'ambo, upande wa Athi River, na mimi nilishona mfuko wa nyuma wa suruali, wa kushoto peke yake. Wa kulia ulikuwa wa msichana mwingine. Nilipanga chumba Noonkopir, mtaa wa Kitengela, katika ploti ya vyumba kumi, vitano vikitazamana na vitano na bomba katikati. Kuta zilikuwa za mawe lakini hazikufika kwenye mabati, kwa hivyo kila mtu alijua nani anakohoa, nani anaomba, na nani amelala njaa. Nilikuwa na kitanda, pazia la maua la kukificha, meza moja, stovu ya mafuta ya taa, na jerikeni tatu za maji. Maji ya Kitengela ni ya chumvi. Chai yake hata ukiitia sukari ya kijiji kizima bado itakuambia imetoka wapi. Sironka ndiye aliyenipa chai ya kwanza nzuri katika chumba kile, kwa sababu alileta maziwa matupu, ya kibuyu, yenye harufu ya moshi, akasema, "Usiweke hiyo maji yenu. Chemsha hivi hivi." Nikachemsha. Tukanywa tukiwa tumekaa kitandani kwa kuwa kiti hakikuwepo, na alinieleza ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja, rangi, pembe na tabia, akicheka peke yake alipofika kwa fahali mmoja aliyeogopa kuku. Nilimpenda jioni hiyo hiyo. Sikujizuia, sikupima, sikuuliza mtu.

Alikuwa dalali wa ng'ombe. Siku ya soko alikuwa Kajiado, siku nyingine alikuwa Isinya, au kwao Rombo, karibu na mpaka, au mahali ambapo hata yeye hakupataja. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Alikuwa na simu, moja ya zile nzito za wakati ule, na mimi sikuwa nayo, kwa hivyo nilienda kwenye kibanda cha simu ya jamii. Mwenye kibanda alikuwa ameikariri namba ya Sironka. Akiniona nikivuka barabara alianza kubonyeza kabla sijafika. Neno langu lilikuwa moja. "Uko wapi?" Akishika, nilimuuliza uko wapi. Akija, nilimuuliza ulikuwa wapi. Akiwa ameketi mbele yangu anakula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa niliyopika tangu saa nane, nilimuuliza kesho utakuwa wapi. Nikikosa jibu, sauti ilipanda. Ikipanda, yeye aliweka kijiko chini taratibu, akakunja shuka lake begani, akachukua fimbo, akatoka. Mimi nilimfuata mpaka getini nikiongea. Siku nyingine nilimfuata mpaka barabarani, miguu mitupu, mwiko mkononi.

Nasema haya kwa kuwa mshauri wa viatu vyeupe anafikiri watu kama mimi hatujijui. Nilijijua. Nilijisikia nikiongea na nikataka kunyamaza, na mdomo ukaendelea. Na kama ningejisahau, majirani walikuwepo wa kunikumbusha. Mama Kevo, aliyekaa chumba cha pili na kuuza mandazi, aliongea na dada yake kila asubuhi chini ya mabati yale yale, akijua vizuri kwamba niko macho. "Huyo Mkamba amemshika Mmaasai wa watu kama kupe." "Na huyo mwanaume naye? Anatoroka kila siku. Si aseme tu ako na mwingine." Hakuwa na mwingine, na hilo ndilo lililonitesa. Mwanamke mwingine ningejua la kumfanya. Nilimuuliza Sironka mara moja tu kwa utulivu, tukiwa tunachambua maharagwe, kwa nini huondoka. Akasema, "Mimi nikikasirika naenda kwa ng'ombe. Ikipoa narudi." Nikamuuliza, "Na mimi nifanye nini hiyo yote ikipoa?" Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, wa mtu ambaye hakuwahi kufikiria kwamba nyuma yake kunabaki mtu. Akasema, "Si ungoje." Niliicheka siku hiyo. Leo bado inanikera nikiikumbuka.

Kitu kimoja tulikuwa tumekubaliana: Desemba angenipeleka Rombo nikaonwe na mama yake. Nilikuwa nimeshona gauni kwa ajili ya safari hiyo, la bluu, lenye mifuko miwili, na wa kulia niliushona mwenyewe. Mwanzoni mwa Septemba akaja akaketi, akala, akasema huku akitazama sufuria kwamba hiyo ya Rombo tuiache kwanza. Nikauliza kwa nini. Akasema kuna mambo. Nikauliza mambo gani. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba ukame ulikuwa umeua nusu ya mifugo ya baba yake, na aliona aibu nifike niwakute wakichuna ngozi za ng'ombe waliokufa. Sentensi moja tu. Angeisema ningelia naye. Hakuisema, na mimi nikaichukua sufuria ya muthokoi nikairusha nje ya mlango, ikapita karibu na mtoto wa watu, nikamwambia yeye na ng'ombe wake ni kitu kimoja, kwamba wote hawana la kusema ila kutafuna. Alikunja shuka. Alichukua fimbo. Akakaa wiki mbili bila kuja, na mwenye kibanda cha simu akaanza kunionea huruma.

Jumapili ya tatu nilitoka kanisani nikakuta nyasi kwenye kufuli yangu. Zilikuwa nyasi mbichi, ndefu, za kijani kabisa, zimepitishwa kwenye chuma cha kufuli na kufungwa fundo moja. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei. Kitengela yote ilikuwa vumbi na mbuzi walikuwa wanakula katoni. Nyasi kama hizo haziokotwi njiani. Mtu alikuwa amezitafuta, na mtu anayehangaika hivyo ili afunge kitu mlangoni pako, kwa nilivyolelewa mimi, hakutakii mema. Watu wetu tunataniwa nchi nzima kwa mambo ya uchawi. Wasichojua wanaotutania ni kwamba hakuna mtu anauogopa kuliko sisi. Nilisimama pale na Biblia kwapani mpaka Mama Kevo akatoka na bakuli la unga.

"Ai, Mwikali! Usiguse hiyo kitu na mkono!"

"Ni nini?"

"Umefungwa, mama. Hiyo ni ya kukufunga."

"Nani anaweza kunifunga mimi?"

"Sasa unaniuliza? Nyinyi Wakamba si ndio maprofesa wa hizi vitu?"

Nikaikata kwa kisu, nikaibeba kwenye karatasi ya unga mpaka penye bomba, mahali ambapo kila mtu angeona, nikaimwagia mafuta ya taa. Nyasi mbichi haishiki moto haraka. Nilimwagia mara tatu. Mara tatu nilipewa nafasi ya kufikiri na mara tatu nikapiga kiberiti kingine, nikipiga kelele ishindwe, ishindwe, na ploti nzima ikiitikia amina. Iliposhika, moshi mweupe ukapanda, na nikainua macho nikamwona Sironka amesimama getini. Alikuwa amengoja ng'ambo ya barabara, kwenye kioski, aone nikiichukua. Alitazama moto, akatazama galoni ya mafuta mkononi mwangu, uso wake ukafungwa kabisa, akageuka. Nami nikamkimbilia na galoni ile ile, nikamuuliza mbele ya watu wote, "Uko wapi wiki mbili? Uko wapi?"

Aliyenieleza ni Yeyo wa maziwa, mama mzee wa Kimaasai aliyetuletea maziwa kila asubuhi na ambaye sote tulimwita hivyo, mama, kwa lugha yake. Jumatatu alisimama penye bomba akalisogeza lile jivu kwa ncha ya kiatu. "Nani amechoma nyasi?" Nikasema ni mimi. Akaniangalia kama anayetafuta kasoro niliyozaliwa nayo. "Mtoto yangu, hiyo ni ya kusema tuache. Mtu akishika nyasi, hata adui hawezi mgusa. Vita imeisha. Sasa huyo kijana ameenda mpaka huko mto, akatafuta yenye ni mbichi, akakuletea. Halafu umechoma." Nikamwambia kwamba kwetu kitu cha kufungwa mlangoni ni uchawi. Akaonekana kunielewa, kisha akaongeza kitu ambacho nimekishikilia miaka yote hii: "Lakini na yeye pia. Nyasi unashika na mkono, unasimama mbele ya mtu. Hii ya kufunga kwa kufuli na kujificha sijawahi ona."

Siku ya soko niliomba ruhusa kiwandani nikaenda Kajiado. Nilikwenda kuomba msamaha. Nataka hilo lieleweke. Njia nzima nilirudia maneno mawili, sikujua, nisamehe, sikujua, nisamehe, nikiyasema bila sauti. Nilimpata katikati ya vumbi, ng'ombe na wanaume wenye fimbo, ameufungua mdomo wa fahali anaangalia meno. Nikamwita. Akasema, "Sopa," salamu ambayo angempa mtu yeyote, akaendelea na meno. Nikasema nimekuja tuongee. Akasema, "Niko kwa kazi." Nikasimama kando ya ua. Nilisimama saa nzima kwenye jua, mwanamke peke yangu katika sehemu ile, na katika saa hiyo Sironka aliwashika ng'ombe kumi na wawili. Niliwahesabu. Kila mmoja alipata mkono wake mgongoni, kila mmoja alitazamwa machoni, kila mmoja aliambiwa neno. Mimi sikutazamwa hata mara moja. Yale maneno mawili yakaniozea mdomoni. Yaliyotoka yalikuwa mengine, na yalitoka kwa sauti ambayo wenye mbuzi upande wa pili waliisikia: "Nyasi! Mwanaume mzima ananiletea nyasi! Mimi ni mbuzi? Nyasi ni ya mbuzi! Huna mdomo wewe?"

Sikuwa najua ukubwa wa nilichosema mpaka nilipowaona wazee wakitazama chini, wote kwa pamoja, kwa aibu ya kunisikia. Sironka aliuachia mdomo wa fahali. Kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama, na macho yake yalikuwa na maji. Nimejaribu kwa miaka kuyasahau yale macho, maana mtu asiyesikia kitu ni rahisi kumchukia, na yeye alisikia kila kitu. "Enda nyumbani, Mwikali." Nikamwambia, "Nyumbani ni wapi? Ulisema Rombo." Akasema tu, "Enda." Kisha akanipa kisogo, na ndivyo mwaka ule ulivyoisha, ingawa ilikuwa bado miezi mitatu.

Hiyo miezi mitatu niliitumia kujifunza. Nilivuka barabara kila jioni nikapita kibanda cha simu bila kugeuza shingo, na mwenye kibanda mwanzoni alinyanyua mkono wa simu kwa mazoea, baadaye akaacha. Niliapa sitamuuliza mtu yeyote tena duniani yuko wapi. Mama Kevo alisema nimekuwa mtu mzima. Mshauri naye angeniwekea alama nzuri, kwa sababu alituambia ukomavu ni kutawala hisia. Sikutawala kitu. Nilizifungia ndani na kutupa ufunguo, na kwa vile hapakuwa na kelele tena, kila mtu alinisifu. Mwaka uliofuata Kyalo alikuja kutengeneza pampu ya kisima kwenye ploti ile, akala mandazi manne akiwa amekaa kwenye jerikeni, akaniuliza jina langu na kusema la kwake, na alipoondoka akaniambia anaenda wapi na atarudi lini, bila kuulizwa. Alirudi siku aliyosema. Nikaolewa naye. Nilimpenda kwa kipimo, kama chumvi kwenye chakula cha mgonjwa, na nikaiita hiyo amani. Hajawahi kunikimbia hata siku moja, na mimi nilimlipa kwa kutomfuata.

Wakati wa chai pale kanisani, yule mke wa Sironka alikuja moja kwa moja mpaka niliposimama, na kikombe mkononi.

"Wewe ni Mwikali."

"Nani amekuambia?"

"Nimeona vile unaangalia shingo ya mzee yangu. Ni wewe ulichoma nyasi?"

Nikasema ni mimi. Nilitegemea matusi, na kwa kweli niliyatamani, kwa sababu nilikuwa na ya kumrudishia. Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Alisema Sironka alimpa habari hiyo mara moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa yao: kwamba kuna mwanamke Noonkopir alichoma, kwa hivyo yeye ajue kuokota. Nikamuuliza kama aliokota. "Miaka ishirini na tatu, dada. Naokota kwa kufuli, kwa kikombe, kwa kiti ya gari. Siku moja niliokota kwa Biblia. Naokota, najua vita imeisha, lakini sijui tulikuwa tunapigania nini. Mimi ni Mmaasai, nitachoma aje? Wewe angalau ulikuwa na kiberiti."

Sikucheka naye. Nilikasirika, na ilinichukua muda kujua ananikasirisha nini. Miaka yote hii, chini ya hasira yangu kwa Sironka, nilikuwa nimeficha mahali pangu pa kujiliwaza: kwamba laiti ningejua maana ya nyasi, ningekuwa Rombo leo, mke wa mtu mtulivu, mwenye gauni la bluu. Nilikuwa nimemnyima Kyalo miaka ishirini na miwili kwa ajili ya hilo gauni. Sasa mwanamke aliyejua maana, aliyezaliwa akiijua, alikuwa amesimama mbele yangu akifuta chai kwenye mkoba, na alikuwa amechoka. Nje, kupitia dirishani, nilimwona Sironka kando ya ua wa kanisa. Alikuwa ameinama, mkono mmoja mgongoni, anachagua. Mke wake akafuata macho yangu, akaona, akaufungua mkoba wake ukabaki wazi, tayari. Kisha akaniuliza, kwa adabu tu, "Na mzee wako ako wapi? Niliona mko wawili."

"Ametoka kunyoosha miguu."

"Saa ngapi?"

Nikatazama saa ya ukutani. Chai ilikuwa inakusanywa. "Saa moja na nusu imepita."

"Na hujamtafuta?"

Nilitoka nje. Pikapu yetu haikuwepo mahali tulipoiegesha; palibaki doa la mafuta na alama za magurudumu. Nilimuuliza askari wa geti, akasema aliona mzee mmoja akiondoka, hakusema kitu. Upande wa kushoto kulikuwa na barabara ya kwenda nyumbani Kitengela, upande wa kulia ile ya Namanga, na sikujua amechukua ipi. Sironka alinipita na nyasi yake akielekea ukumbini. Alinitambua. Akasema, "Mwikali," akangoja kidogo, na nikaona anatafuta neno la kuweka baada ya hilo. Sikumsaidia. Nilikuwa natoa simu kwenye mkoba.

Nikampigia Kyalo. Ililia mpaka ikakatika. Mkono wangu ukairudisha simu kwenye mkoba wenyewe, kwa mazoea, nikafunga zipu, nikageuka nirudi ndani nikachukue koti langu. Nilifika kwenye ngazi ya kwanza. Nikasimama pale, mbele ya watu waliokuwa wanatoka na sahani za keki, kama nilivyosimama siku ile mbele ya kufuli. Nikafungua zipu. Nikapiga ya pili. Ilishikwa kabla haijalia mara mbili, na sauti ya Kyalo ilikuwa ya juu, ya juu kabisa, sauti ambayo sijawahi kuisikia.

"Mama Kioko! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa," nikamwambia. "Uko wapi?"